Namna za Kufuma: Uzi wa Kuume na Uzi wa Kushoto

Kazi ya kufuma kwa sindano mbili wengi wenu mwaijua. Katika mashule ya masista wasichana wengi wa Kongo walifundishwa kushona na kufuma, na katika milima yenye baridi watoto wengi wamevikwa kofia na soksi za sufu zilizotoka mikononi mwa mama zao au bibi zao. Lakini mara kwa mara huzuka maneno. Mwanamke aliyezoea kushika uzi kwa mkono wa kuume akimwona mwenzake anashika kwa mkono wa kushoto, husema moyoni: “Huyu hajui kufuma.” Na yule mwenzake husema vilevile. Ni nani ajuaye?

Kwa kujibu swali hilo tumeona vema kueleza habari za ufundi huu tangu zamani. Kitu chenyewe ni kidogo: kidole gani kichukue uzi. Lakini ndani yake mtaona mambo ya wafalme, ya vita, na ya chuki za mataifa.

Kazi yenyewe

Kwanza tuelewane. Sindano za kufumia ni vijiti virefu visivyo na tundu, vya mti, vya mfupa au vya chuma. Sindano ya kushoto inashika mstari wa vitanzi. Ncha ya sindano ya kuume inaingia katika kitanzi cha kwanza, inavuta uzi mpya kupita ndani yake; kitanzi kipya kinabaki juu ya sindano ya kuume, na kile cha zamani kinaachwa kuanguka. Ni hayo tu. Uzi ukikaa nyuma ya kazi, kitanzi kinaonyesha uso laini. Uzi ukikaa mbele, kitanzi kinaonyesha mgongo wenye kinundu. Soksi, kofia, sweta na shali, zote zatoka katika vitanzi hivyo viwili.

Basi, tofauti ya mataifa haimo katika kitanzi. Imo katika njia ya kuuleta uzi, nazo njia kubwa ni tatu.

Njia ya kwanza ni ya uzi wa kuume. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kuume, na kila mara mkono huo unautupa kuizunguka ncha ya sindano. Ndiyo inayoitwa namna ya Waingereza.

Njia ya pili ni ya uzi wa kushoto. Uzi unakaa juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, umenyoshwa, nao mkono huo hautupi kitu. Sindano ya kuume ndiyo inayokwenda kuuchota uzi kama kulabu. Hiyo iliitwa namna ya Wadachi, maana yake watu wa Ujerumani.

Njia ya tatu, uzi unazungushwa shingoni mwa mfumaji, au unapita katika kikulabu kilichobanwa kifuani pake, na kidole gumba cha kushoto kinausukuma juu ya sindano. Namna hiyo inajulikana Ureno, Uturuki, na katika milima ya Andes kule Amerika ya Kusini.

Maneno hayo ya kuume na kushoto yasimdanganye mtu. Kwetu mkono wa kushoto hautumiwi kumpa mkubwa kitu wala kumsalimu, na kwa hiyo wengine wadhani ya kuwa namna ya kushoto ni kazi ya watu wa mashoto tu, au kazi isiyo na adabu. Sivyo. Katika namna zote mbili vitanzi vyatoka katika sindano ya kushoto na kuhamia ya kuume, na mikono yote miwili yafanya kazi pamoja. Kinachobadilika ni mkono gani umepewa kuulinda uzi.

Kutoka Misri mpaka Andes

Katika jumba la ukumbusho moja mjini London zimewekwa soksi nyekundu zilizotoka katika makaburi ya Misri, za kati ya mwaka 250 na 420. Zimegawanyika penye vidole ili mtu apate kuvaa kandambili. Ukiziona kwa mbali wadhani zimefumwa. Kumbe zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, kwa kufunga kitanzi baada ya kitanzi, na hiyo ni kazi nyingine. Vitu vya zamani vilivyofumwa kweli kweli kwa sindano ndefu ni vya karne ya 11 hata ya 14, navyo pia vyatoka Misri: ni soksi na vipande vya pamba, rangi ya buluu na nyeupe, vyenye mapambo mazuri. Waliovifanya walikuwa mafundi hodari.

Ufundi huu ukafika Uhispania. Mwaka 1275 alikufa mtoto wa mfalme, jina lake Fernando de la Cerda, akazikwa katika monasteri ya Las Huelgas karibu na mji wa Burgos. Kaburi lilipofunguliwa katika karne ya 20 ulionekana mto wa hariri uliofumwa kwa vitanzi vidogo mno. Una mapambo ya tai na ya ngome, na kandokando yake limefumwa kwa herufi za Kiarabu neno moja: baraka. Ni neno lilo hilo tulisemalo sisi tukiomba baraka ya padri. Hivyo mwana wa mfalme Mkristo alizikwa pamoja na kazi ya mafundi wenye lugha ya Waislamu, na hakuna aliyeikataa kwa sababu ya mikono iliyoifanya.

Mnamo mwaka 1400 fundi wa picha Bertram wa Minden, aliyekaa mji wa Hamburg, alipata kazi ya altare iliyokuwa ya masista Wabenediktini wa Buxtehude. Katika ubao mmoja alimwonyesha Bikira Maria ameketi anafuma. Kazi yake ni kikanzu cha mtoto. Amefikia penye shingo, na sindano zake zaidi ya mbili zimepangwa kwa duara. Mtoto Yesu yu chini na kitabu chake na mchezo wake, anageuka kuwatazama malaika wawili wanaokuja na msalaba, mkuki na taji la miiba. Wakristo wengi waliokitazama kikanzu kile wamefikiri kanzu isiyo na mshono, ambayo Injili ya Yohane yasimulia habari zake. Na ni kweli ya kuwa anayefuma kwa duara haachi mshono. Ubao huo ungali Hamburg, katika jumba la picha.

Wahispania walipoiteka nchi ya Peru katika karne ya 16 walikwenda na sindano zao. Watu wa Andes walikuwa mafundi wakubwa wa kusuka nguo tangu zamani sana. Wakaipokea kazi hii mpya na kuifanya yao. Katika kisiwa cha Taquile, ndani ya ziwa Titicaca, wafumaji wa kofia ni wanaume. Kijana hujifunza angali mtoto, na kofia yake huonyesha kama ana mke au hana. Mwaka 2005 UNESCO ilihesabu ufundi wa Taquile kati ya urithi wa watu wote. Wafumaji wengi wa Andes hupitisha uzi shingoni, nao hugeuza kazi ndani nje, kwa kuwa kwa namna yao kitanzi cha mgongo ndicho chepesi kuliko kile cha uso. Mwingereza akiwatazama atasema wanafuma kwa kinyume. Lakini kofia ikigeuzwa ni kamili, haina kosa.

Kazi ya maskini na kazi ya mabibi

Katika Ulaya ya zamani kufuma kulikuwa chakula cha maskini wengi. Katika visiwa vya Shetland na katika mabonde ya Yorkshire wanawake, hata wanaume na watoto, walifuma soksi za kuuza. Walivaa mshipi wenye mahali pa kuchomeka mwisho wa sindano ya kuume, ili mkono uwe huru na kazi iende mbio. Walifuma wakitembea, walifuma wakichunga. Kwa watu wa namna hiyo mkono mwepesi ulikuwa mkate, wala hawakuuliza kama ulipendeza macho.

Katika karne ya 19 mabibi wa nyumba kubwa za Uingereza nao walipenda kufuma, lakini kwa kujipendeza. Wengi walishika sindano ya kuume kama mtu ashikavyo kalamu, ili vidole vionekane vizuri. Kazi yao ilikwenda polepole, lakini haidhuru, kwa sababu chakula chao hakikutoka huko. Basi watu wengine wakawaiga, na namna ya mabibi ikafundishwa kama ndiyo yenye adabu. Habari za mambo hayo zimo katika kitabu cha Richard Rutt juu ya historia ya kufuma, kilichotoka mwaka 1987. Rutt alikuwa mmisionari wa Kianglikana nchini Korea karibu miaka 20, akawa askofu wao, na mwaka 1994 akaingia katika Kanisa Katoliki, akapewa upadri mwaka 1995. Alifuma mwenyewe, wala hakuona haya.

Hata hivyo, siku zile mataifa hayakugombana bado juu ya uzi. Mwaka 1886 Thérèse de Dillmont, mwanamke wa Austria, alitoa huko Dornach karibu na Mulhouse kitabu kikubwa cha kazi zote za sindano. Kitabu hicho kikaenea pote kwa lugha nyingi. Ndani yake alionyesha namna ya uzi wa kuume, akaeleza ya kuwa ndiyo ya Waingereza na Wafransa. Halafu akasema kwa utulivu ya kuwa Wadachi huweka uzi juu ya mkono wa kushoto, na kwa hiyo mikono yao huenda upesi zaidi. Hakumtukana mtu. Alipanga namna hizo kama mpishi apangavyo vyungu viwili.

Soksi za vita

Halafu ikaja vita kubwa ya 1914. Askari walisimama katika mashimo yenye maji na matope, miguu ikaoza kwa baridi na unyevu. Soksi kavu ikawa dawa. Mwaka ule ule Queen Mary wa Uingereza aliwaomba wanawake soksi jozi 300,000 kwa ajili ya askari. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Msalaba Mwekundu wa huko nao ukawaita watu wafume. Wakafuma katika mashule, katika magari ya moshi, na katika nyumba zao.

Na upande wa pili? Kule Ujerumani wanawake na watoto wa shule walifuma pia, soksi kwa soksi, kwa ajili ya askari wao. Upande huu uzi ulikuwa katika mkono wa kuume, upande ule katika mkono wa kushoto. Kama mtu angaliokota soksi mbili katika matope, moja ya Mwingereza na moja ya Mdachi, akazifua na kuzianika, asingaliweza kwa kutazama vitanzi tu kusema hii ilifumwa kwa mkono gani. Mama wa huku na mama wa huko walifanya kitanzi kilekile, kwa mashaka yaleyale, wakiomba mtoto arudi.

Lakini chuki haitazami vitanzi. Jina lilitosha. Wakati wa vita ya pili, ya 1939 hata 1945, namna iliyoitwa ya Wadachi ilichukiwa katika nchi za Waingereza na Wamarekani, wengi wakaiacha. Namna iliyosifiwa katika kitabu cha 1886 kwa wepesi wake ikawa alama ya adui. Tazameni jinsi vita inavyoingia hata katika kikapu cha sufu cha bibi kizee.

Mwanamke wa mikono miwili

Aliyesaidia kuliko wengine kuirudisha namna hiyo katika nchi za Kiingereza ni mwanamke jina lake Elizabeth Zimmermann. Alizaliwa Uingereza mwaka 1910. Mama yake na shangazi zake walimfundisha kufuma kwa uzi wa kuume. Baadaye yaya wake, mwanamke wa Uswisi, akamwonyesha uzi wa kushoto. Hivyo tangu utoto alikuwa na namna mbili, moja ya damu yake na moja ya mgeni aliyemlea.

Alipokua alisoma ufundi wa picha Uswisi na Munich. Akaolewa na Arnold Zimmermann, Mdachi aliyekuwa fundi wa kutengeneza bia. Huyo Arnold alisema maneno ya kumdharau Hitler, ikambidi kukimbia nchi yake. Mwaka 1937 mume na mke wakahamia Marekani, na baadaye wakakaa Wisconsin katika nyumba iliyokuwa zamani shule. Jina lake lilikuwa la Kidachi, na nchi ikaingia vitani na Wadachi. Vita ilipokwisha aliandika, akauza sufu na sindano, akafundisha kwa televisheni. Mwaka 1971 akatoa kitabu chake cha kwanza, Knitting Without Tears, maana yake kufuma bila machozi. Alifuma kwa uzi wa kushoto, akawaeleza watu faida yake, na tena alipenda kufuma kwa duara pasipo mshono, kama yule Maria wa Buxtehude. Alikufa mwaka 1999. Leo katika nchi hizo mwenye kutaka uzi wa kushoto huutumia pasipo kuulizwa taifa lake.

Anayetaka kujifunza namna ya pili

Labda msomaji atauliza: nami niliyezoea namna moja miaka mingi, yanifaa nini kuanza nyingine? Hatusemi uache mkono wako. Mkono uliokuvika wewe na watoto wako si wa kudharauliwa. Lakini yafaa kujua mambo matatu, usije ukakata tamaa.

Jambo la kwanza, mkono mpya ni mtoto mchanga. Fundi wa miaka 30 akihamisha uzi, vidole vyake hukaa kama vya msichana wa darasa la kwanza. Hapana budi kuvumilia. Chukua sufu nene na vitanzi 20 tu, fuma kidogo kila siku, kipande kisicho na kazi. Usianzie sweta ya mtu.

Jambo la pili, mkono mpya hauvuti uzi sawasawa na ule wa zamani. Tufanye hesabu. Kwa mkono wako wa zamani vitanzi 20 vyafanya sentimeta 10. Kwa mkono mpya, kwa sababu unalegeza, vitanzi 18 vyafanya sentimeta 10. Sweta ya vitanzi 180 itakuwa na sentimeta 90 kwa mkono wa kwanza, na sentimeta 100 kwa mkono wa pili. Basi, kazi iliyoanzwa kwa mkono mmoja imalizwe kwa mkono huo huo, ama sivyo mkono mmoja wa sweta utakuwa wa baba na mwingine wa mtoto.

Jambo la tatu ni kukitazama kitanzi jinsi kinavyokaa juu ya sindano. Kila kitanzi kina miguu miwili. Kwa desturi ya Waingereza na Wadachi mguu wa kuume ndio ulio mbele. Mwanafunzi wa uzi wa kushoto, akifika penye kitanzi cha mgongo, huona ni rahisi kuuchota uzi kutoka chini badala ya kuuzungusha juu. Kitanzi chafanyika, lakini kimekaa kwa kinyume, mguu wa kushoto mbele. Katika mstari unaofuata, akiingiza sindano kama alivyozoea, kitanzi chapindika na kitambaa chakaza. Dawa ni kuingiza sindano katika mguu ulio nyuma. Wanawake wengi wa Ulaya ya mashariki hufanya hivyo makusudi, na nguo zao ni nzuri. Kwa hiyo mwalimu asimkaripie mwanafunzi kwa kuutazama mkono wake tu. Atazame kitambaa kwanza.

Na faida? Kwa watu wengi uzi wa kushoto ni wepesi, hasa penye kitanzi cha uso, kwa kuwa mkono hausafiri mbali. Tena mwenye maumivu katika mkono mmoja aweza kuupumzisha kwa kubadili. Lakini faida kubwa ni nyingine, nayo yaonekana katika nguo za rangi mbili, kama zile za Shetland na za Norwei. Anayejua namna moja tu mara nyingi huuacha uzi wa rangi hii na kuushika wa rangi ile, kila baada ya vitanzi vichache, na nyuzi zasokotana. Anayejua namna zote mbili hushika rangi moja kwa mkono wa kuume, kama Mwingereza, na rangi ya pili kwa mkono wa kushoto, kama Mdachi. Uzi mmoja unatupwa, mwingine unachotwa, na maua yanatokea katika mstari mmoja pasipo kuachilia kitu. Bibi Zimmermann alifundisha hivyo pia.

Basi, akina mama na wasichana, mkimwona mgeni anafuma kwa mkono msiouzoea, msicheke. Mwombeni aketi, mtazame vidole vyake, mjaribu vitanzi 20. Nyuzi mbili zikipata mikono yote miwili, sweta ya rangi mbili itakwisha kabla baridi haijaingia.